Hedifoni na redio ya ridhaa: mwongozo kamili wa kuzioanisha

Anayenunua redio yake ya kwanza ya ridhaa huuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Kitabu cha redio kimeandika omu 8, hedifoni zangu zimeandikwa omu 32. Je, zitakubaliana?" Jibu ni ndiyo, karibu kila mara. Hata hivyo swali hilo limeshika mwisho usio na uzito. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la hedifoni haikuambii mengi mpaka ujue kilichokaa nyuma ya tundu la redio.

Nililijua hili kwa kuhangaika. Redio yangu ndogo ya Morse ilikuwa na mlio wa "shhh" usiokoma, hata kidhibiti sauti kikiwa kwenye sifuri. Nilibadilisha hedifoni mara mbili nikiamini nimenunua mbovu. Zote tatu zilikuwa nzima, na mlio ule uliondoka siku nilipoweka rezista mbili kati ya redio na plagi. Tangu hapo sinunui hedifoni kabla ya kupima redio, na huo ndio utaratibu ninaokupa hapa.

Utahitaji multimita ya kawaida, rezista mbili za omu 33, rezista za omu 10, 47 na 100, plagi na tundu la kike la kufanyia majaribio, na chuma cha kulehemu. Osiloskopu ikiwepo ni neema, lakini kazi hii haiitegemei.

Kwa nini omu hazihitaji kulingana

Wazo kwamba omu za hedifoni lazima zilingane na omu za redio lilitoka enzi za vali (mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista). Vali ina impedansi (ukinzani dhidi ya mkondo wa sauti, unaopimwa kwa omu) kubwa, na nguvu inayotoa ni ndogo. Hedifoni za wakati ule zilikuwa na nyaya nyembamba mno zilizozungushwa maelfu ya mara, zikafika omu 2000 au zaidi, ili kila chembe ya nguvu igeuke sauti. Kwenye redio ya kristali, ambayo haina betri kabisa, jambo hilo bado ni kweli hadi leo.

Redio za transista zilibadili hesabu. Amplifaya ya sauti iliyo ndani yake ina impedansi ya kutolea iliyo ndogo, mara nyingi chini ya omu moja, na inaweza kusukuma wati nzima kwenye spika. Hedifoni inatosheka na sehemu ndogo sana ya miliwati. Nguvu, basi, imezidi mahitaji kwa mbali, na kazi yetu ni kuipunguza kwa ustadi.

Watengenezaji wanalijua hilo. Kwenye redio nyingi za mezani, tundu la hedifoni linachukua sauti ileile ya spika na kuipitisha kwenye rezista kabla haijakufikia. Rezista hiyo ndiyo inayoamua tabia ya tundu lako, na kwa bahati mbaya ni nadra kuikuta imetajwa kwenye ukurasa wa vipimo.

Hatua ya kwanza: hakikisha tundu ni salama

Zima redio. Weka multimita kwenye kipimo cha omu na upime kati ya shina la tundu (sehemu inayogusa msingi wa plagi) na kasha la chuma la redio. Ukipata karibu sifuri, shina limeungwa na ardhi ya redio, kama inavyotakiwa.

Sasa washa redio, punguza sauti hadi mwisho, na upime volti za mkondo mnyoofu (DC) kati ya ncha na kasha la chuma, kisha kati ya shina na kasha. Zinapaswa kuwa sifuri au karibu yake. Ukikuta volti kadhaa, usichomeke hedifoni. Huenda amplifaya ni ya aina ya daraja, ambayo nyaya zake zote mbili zinasukuma sauti na hakuna hata mmoja ulio ardhi. Kwenye redio ya volti 12, kila waya wa amplifaya hiyo hukaa karibu volti 6 juu ya ardhi. Tundu la hedifoni lenyewe huwa halina tatizo hili, bali tundu la spika ya nje, hasa kwenye redio za gari. Ukichomeka humo hedifoni ambayo shina lake linagusa chuma cha redio au cha kifaa kingine kilichounganishwa nayo, umefunga nusu ya amplifaya kwenye ardhi, na inaweza kuungua papo hapo.

Redio za vali zinahitaji tahadhari kubwa kuliko hii. Katika baadhi ya vipokezi vya zamani, mkondo wa anodi ya vali ulipita ndani ya hedifoni zenyewe, maana yake kuna volti 90 au zaidi kwenye nyaya zinazogusa kichwa chako. Kipokezi cha namna hiyo kisiunganishwe na hedifoni ya kisasa bila transfoma ya kutenga na kapasita ya kuzuia mkondo mnyoofu. Hapa sina maneno ya kulainisha: umeme huo unaua.

Hatua ya pili: pima impedansi ya kutolea

Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hawakifanyi, ilhali hakichukui hata dakika kumi.

Unahitaji sauti isiyoyumba. Njia rahisi ni kuweka redio kwenye CW (hali ya Morse), kuzima kitufe cha BK-IN (kinachoruhusu ufunguo kurusha) ili redio isirushe chochote hewani, kisha kubonyeza ufunguo wa Morse. Utasikia mlio wa kujisikiliza, na utabaki vilevile kwa muda wote utakaobonyeza. Kama redio yako ni ya kupokea tu, tafuta kituo cha karibu cha masafa ya kati mchana, kisikilize kwa CW na uchujaji mwembamba, usogeze namba mpaka upate mluzi mmoja uliotulia.

Weka multimita kwenye volti za mkondo geu (AC). Chomeka plagi ya majaribio isiyo na chochote upande wa pili na usome volti kati ya ncha na shina. Ziite V0. Kisha, bila kugusa kidhibiti sauti, unganisha rezista ya omu 33 kati ya ncha na shina, na nyingine kati ya pete (sehemu iliyo katikati ya ncha na shina) na shina ikiwa tundu ni la stirio. Soma tena. Hizo ni V1.

Impedansi ya kutolea ni 33 × (V0 − V1) ÷ V1.

Tuseme V0 ni volti 0.40 na V1 ni volti 0.10. Basi 33 × 0.30 ÷ 0.10 = omu 99. Kuna rezista ya omu 100 imejificha nyuma ya tundu hilo. Usijali kama multimita yako ni ya bei ya chini na haisomi vizuri masafa ya juu, kwa sababu makosa yake yako sawa katika vipimo vyote viwili, na hesabu hii inategemea uwiano tu.

Nimesema uweke rezista pande zote mbili kwa sababu redio nyingine zina rezista moja inayolisha masikio yote mawili kwa pamoja. Ukipakia pande zote, jibu unalopata ni hesabu ya kila sikio kama litakavyokuwa ukivaa hedifoni.

Hatua ya tatu: zijue hedifoni zako

Tabia mbili ndizo muhimu: impedansi na ufanisi.

Impedansi ukikosa karatasi yake, pima kwa multimita kati ya ncha na shina la plagi. Kwa hedifoni za kawaida za koili, ukinzani unaosoma huwa karibu na impedansi iliyotangazwa, au chini yake kidogo. Hedifoni ya omu 8 itasoma kama 7. Ukipima huku umeivaa, utasikia mkwaruzo mdogo, nao unakuambia kwamba upande huo ni mzima.

Ufanisi ni ukubwa wa sauti inayotoka kwa nguvu fulani, nao huandikwa kwa desibeli. Hapa wengi hujikwaa, kwa kuwa watengenezaji wengine huandika desibeli kwa miliwati moja, na wengine desibeli kwa volti moja. Huwezi kulinganisha namba hizo mbili mpaka uzigeuze. Kutoka miliwati kwenda volti, ongeza 15 kwa hedifoni ya omu 32, 18 kwa ya omu 16, 5 kwa ya omu 300, na 2 kwa ya omu 600. Kwa hiyo hedifoni ya omu 32 yenye desibeli 100 kwa miliwati ina desibeli 115 kwa volti. Mtu asiyejua hili anaweza kuona namba 115 kwenye boksi akadhani amepata kifaa cha ajabu.

Hatua ya nne: weka namba pamoja

Turudi kwenye tundu letu la volti 0.40 na omu 99. Hedifoni inagawana volti hizo na rezista ya ndani. Nimepiga hesabu ya nguvu inayofika sikio moja:

- omu 8: miliwati 0.11
- omu 16: miliwati 0.19
- omu 32: miliwati 0.30
- omu 300: miliwati 0.30
- omu 600: miliwati 0.20

Zitazame tena. Omu 32 na omu 300 zinapata nguvu ileile. Kati ya omu 16 na omu 600, ambazo kwa macho ni kama mbingu na ardhi, tofauti kubwa kwenye orodha hii haifiki desibeli 2, na sikio lako linaiona kwa taabu. Rezista ya omu 100 imekaa katikati na kusawazisha kila anayekuja. Nadhani ni moja ya maamuzi mazuri zaidi katika usanifu wa redio, na halisifiwi na mtu.

Sasa chukua tundu lenye volti 0.40 zilezile lakini lisilo na rezista yoyote. Hedifoni ya omu 16 inapata miliwati 10, na ya omu 600 inapata 0.27. Tofauti imekuwa karibu desibeli 16. Hapo ndipo malalamiko yote huzaliwa: mmoja anasema redio inamtoboa masikio, mwingine anasema redio ileile haisikiki, na wote wawili wanasema kweli.

Kipimo chako cha hatua ya pili, basi, kinakuweka katika mojawapo ya hali hizi.

*Chini ya omu 10.* Redio inasukuma hedifoni moja kwa moja. Hii ni kawaida kwenye redio ndogo za kujiundia zenye chipu ya LM386. Hedifoni za omu 16 zenye ufanisi mkubwa, kama zile ndogo zinazoingia ndani ya sikio, zitakuonyesha kila kelele ya amplifaya. Chagua za omu 32 au zaidi zenye ufanisi wa wastani, au weka kipunguzaji ninachokieleza hapo chini.

*Kati ya omu 30 na 150.* Vaa ulichonacho. Amua kwa uzito, mito ya masikio na namna inavyokaa kichwani. Jihadhari tu na hedifoni za sikioni zilizo na vispika vya amacha (balanced armature), ambazo impedansi yake hupanda na kushuka sana kulingana na masafa. Zikikutana na rezista ya omu 100, sauti ya mtu inaweza kuwa nyembamba kuliko ilivyo.

*Mamia ya omu na zaidi.* Mara nyingi hiki ni kifaa cha zamani kilichotengenezwa kwa hedifoni za omu 600 au 2000. Hapa kulingana kuna maana, na dawa ni transfoma. Uwiano wa mizunguko ni kipeuo cha pili cha uwiano wa omu. Kutoka omu 2000 kwenda 8 ni mara 250, kwa hiyo mizunguko ni 15.8 kwa 1. Kutoka omu 600 kwenda 32 ni 4.3 kwa 1. Huhitaji usahihi wa kutisha. Ukikosea kwa theluthi moja hutasikia tofauti.

Kuna hali moja inayojificha. Redio nyingine za kujiundia humalizia na chipu kama NE5532, iliyosanifiwa kusukuma omu 600. Volti zinaonekana kutosha, lakini chipu haina mkondo wa kulisha omu 16. Dalili yake ni sauti kupasuka mapema kabla hata haijawa kubwa. Ukiisikia, tafuta hedifoni za omu nyingi au ongeza amplifaya ndogo baada yake.

Plagi, palipo na makosa mengi kuliko hesabu

Kipenyo ni jambo jepesi: milimita 6.35 kwenye redio nyingi za mezani za zamani, milimita 3.5 kwenye ndogo na mpya, na adapta inamaliza ubishi. Nunua adapta yenye waya mfupi kuliko ile nzito iliyo kipande kimoja, kwa sababu hiyo nzito ikivutwa hulegeza tundu la redio, na kubadilisha tundu hilo ni kazi ya kufungua redio nzima.

Mpangilio wa pete ndio wa kuutilia maanani.

Plagi ya stirio kwenye tundu la mono inakupa sauti sikio moja. Dawa ni adapta inayounganisha ncha na pete upande wa hedifoni. Kumbuka kwamba vispika viwili vya omu 32 vikiunganishwa sambamba vinakuwa omu 16 kwa redio.

Plagi ya mono kwenye tundu la stirio ni hatari zaidi, kwa kuwa inafunga pete moja kwa moja kwenye shina, yaani upande wa kulia wa amplifaya kwenye ardhi. Redio yenye rezista ya omu 100 itavumilia bila kulalamika. Redio isiyo na rezista inaweza kuharibika. Ukiwa na hedifoni ya zamani ya mono unayoipenda, badilisha plagi yake iwe ya stirio na uunganishe ncha tu, pete uiache huru.

Redio zenye vipokezi viwili hutoa kipokezi kikuu sikio moja na cha pili sikio jingine. Hapo usiunganishe ncha na pete kwa namna yoyote, maana utakuwa umegonganisha amplifaya mbili.

Halafu kuna hedifoni za simu, zenye plagi ya pete mbili na maikrofoni. Katika mpangilio ulioenea zaidi, ardhi iko kwenye pete ya pili na maikrofoni iko kwenye shina. Baadhi ya matundu ya redio hugusa shina peke yake. Ardhi ya vispika inabaki ikining'inia, na kwa kuwa redio inatuma sauti ileile pande zote mbili, hakuna tofauti ya volti ya kusukuma kispika chochote. Unapata ukimya au sauti ya mbali mno. Bonyeza kitufe cha maikrofoni kwenye waya: sauti ikirudi kwa nguvu, umelipata tatizo, kwa sababu kitufe hicho kinaunganisha maikrofoni na ardhi. Tumia adapta ya kutenganisha sauti na maikrofoni, au kata plagi na ulehemu ya pete moja.

Kuna hila ya zamani inayofaa kwa wenye redio inayotaka omu zaidi. Unganisha waya wa moto wa redio kwenye ncha ya hedifoni na ardhi ya redio kwenye pete, shina uliache wazi. Vispika viwili vya omu 32 vinakuwa mfululizo wa omu 64. Sikio moja litakuwa limegeuzwa awamu, na kelele za hewani zitasikika zimetawanyika badala ya kukaa katikati ya kichwa. Wapo wapiga Morse wanaoipenda hali hiyo mno. Mimi hunichosha baada ya nusu saa, lakini jaribu mwenyewe.

Kuondoa mlio wa "shhh"

Kabla ya kuchukua chuma cha kulehemu, tambua kelele inatoka wapi. Teremsha kidhibiti sauti hadi sifuri. Ikiwa kelele imetoweka, ilikuwa inatoka hewani au kwenye kipokezi, na hakuna hedifoni itakayoiponya. Punguza RF Gain (usikivu wa kipokezi), tumia uchujaji mwembamba, au hamisha antena. Ikiwa kelele imebaki, inazaliwa baada ya kidhibiti sauti, ndani ya amplifaya yenyewe. Hiyo tunaiweza.

Sababu yake ni kwamba kelele ya amplifaya haibadiliki, huku wewe ukihitaji sehemu ndogo sana ya nguvu yake. Hedifoni ya omu 32 yenye desibeli 102 kwa miliwati inatoa desibeli 70, sauti ya kutosha kabisa kwa mazungumzo, kwa milivolti 4 na nusu tu. Kidhibiti sauti kinabaki kimeng'ang'ania chini kabisa, na kelele isiyobadilika inakaribia ukubwa wa sauti unayoitaka.

Kipunguzaji kinashusha vyote viwili pamoja, sauti na kelele, kisha wewe unaipandisha sauti peke yake kwa kidhibiti. Weka rezista ya omu 100 kutoka kwenye ncha ya redio, na baada yake rezista ya omu 10 kwenda ardhi. Hedifoni inaunganishwa sambamba na hiyo ya omu 10. Rudia kwa upande wa pili kama redio ni ya stirio. Kwa hedifoni za omu 32 na tundu lisilo na rezista yake, sauti itashuka desibeli 23. Amplifaya inaona mzigo mwepesi wa omu 108 hivi, na hedifoni inaona chanzo cha omu 9, hivyo umbo la sauti halivurugiki.

Rezista za robo wati zinatosha kwenye tundu la hedifoni. Ukichukua sauti kutoka tundu la spika, weka za nusu wati.

Kama baada ya hapo sauti ya juu kabisa haitoshi, badilisha ya omu 10 kwa omu 22. Usiiondoe kabisa ukabaki na ya omu 100 peke yake ukidhani ni sawa. Ya omu 100 pekee inashusha desibeli 12 kwa hedifoni za omu 32, lakini kwa za omu 300 inashusha 2 na nusu tu.

Kinga masikio yako

Umeketi usiku ukitafuta kituo dhaifu, sauti umeipandisha, AGC (kinachopunguza chenyewe sauti ya vituo vyenye nguvu) umeizima. Ghafla jirani anaingia hewani kwa wati 100. Hili humpata kila mmoja wetu, na sikio halina fyuzi.

Kwenye kipunguzaji kile, ongeza sehemu moja mbele. Kutoka kwenye redio weka rezista ya omu 47, kisha daiodi mbili za 1N4148 kwenda ardhi, zikiwa sambamba na kila moja ikielekea kinyume cha mwenzake, ndipo zifuate ile ya omu 100 na ya omu 10. Daiodi huanza kupitisha karibu volti 0.6, na chochote kinachozidi hapo kinakatwa. Kwa sauti ya kawaida hazifanyi lolote, kwa kuwa desibeli 70 masikioni zinahitaji milivolti 60 na ushei tu mahali zilipo. Kishindo cha jirani, ambacho kingevuka desibeli 110, kinaishia chini ya 90.

Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la mawasiliano ITU yameweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Anayeshiriki mashindano ya saa 48 kwa desibeli 80 amemaliza posho ya wiki nzima kabla ya Jumatatu. Shusha hadi 70, na ukiona husikii, tatizo ni kelele za chumbani. Hedifoni zilizofungwa nyuma, zenye mito inayozunguka sikio lote, huzuia feni ya redio na hukuwezesha kusikiliza kwa sauti ndogo. Zilizo wazi nyuma ni nyepesi na hazileti joto, zinafaa pale chumba kilipo kimya.

Ni hedifoni gani hasa

Mazungumzo ya SSB (mtindo wa kurusha sauti ya mtu kwa ukanda mmoja wa mawimbi) yanakaa kati ya hezi 300 na 2700 hivi. Mlio wa Morse wengi huuweka kati ya 400 na 800. Hedifoni inayojisifu kufika hezi 20,000 inakuletea juu ya 3000 kelele tupu, na chini ya 200 mvumo wa umeme. Hilo halimaanishi ununue mbovu. Zilizo bora zina upotoshaji mdogo, na upotoshaji ndio unaochosha ubongo ukisikiliza saa nyingi. Nunua iliyo safi katikati, usilipie besi.

Kuhusu zisizo na waya, kwa wapiga Morse nasema hapana. Nukta moja kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika ina urefu wa milisekunde 60. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti milisekunde 100 hadi 200 na zaidi, hivyo unasikia nukta yako huku mkono ukiwa umeshasonga mbele. Mkono unajikwaa. Kwa kusikiliza SSB tu hazina ubaya mkubwa. Zenye kuzima kelele kwa elektroniki zijaribu kwanza huku redio ikirusha, kwa sababu amplifaya iliyo ndani yake nayo inaweza kunasa mawimbi yako.

Jaribio la mwisho: rusha hewani

Waya wa hedifoni una urefu wa mita moja hadi tatu, nao ni antena kama nyingine. Anza na wati 5 kwenye kila bendi unayotumia, ongea ukijisikiliza, kisha panda polepole hadi nguvu kamili. Ukisikia sauti yako imekwaruza, au mlio unaofuata kila silabi, mawimbi yameingia kwenye waya.

Chukua pete ya feraiti ya mchanganyiko 31, inayofaa kwa bendi za HF (masafa mafupi), na upitishe waya wa hedifoni mara 5 hadi 7 ndani yake, karibu na redio. Kisha lehemu kapasita ya nanofaradi 1 kati ya ncha na shina, na nyingine kati ya pete na shina, ndani ya kikopo cha kipunguzaji chako. Tumia kikopo cha chuma na ukiunge na ardhi.

Mvumo wa chini usiobadilika unaokuja pale tu kompyuta ilipounganishwa ni jambo tofauti. Huo ni mzunguko wa ardhi, na transfoma ya omu 600 kwa 600 kwenye waya wa sauti kati ya redio na kompyuta inaumaliza.

Na kama feraiti haikusaidia, gusa kasha la redio kwa mgongo wa kidole ukiwa unarusha kwa nguvu ndogo. Sauti ikibadilika masikioni, hedifoni hazina kosa. Mawimbi yanarudi chumbani kupitia upande wa nje wa kebo ya antena, na kazi iliyobaki iko nje: weka choki (kizuizi cha mawimbi) kwenye kebo, pale inapokutana na antena, kisha urudi kurudia jaribio kuanzia wati 5.